Transfa ikiunganishwa vibaya, gari huhatarisha maisha

WAKAZI wa Kitui na Makueni wanajua faida ya gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Mito kama Tiva, Thua na Kaiti hukauka sehemu kubwa ya mwaka na kuacha mchanga mwingi, nazo barabara za milima ya Mbooni na Kilungu zina miinuko mikali.

Kifaa kinachogawa nguvu za injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma ni sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi, ambalo mafundi huliita transfa. Kuliunganisha upya baada ya ukarabati kunahitaji uangalifu.

Hatari ya kwanza ni gari kubiringika. Katika Land Rover za muundo wa zamani, zikiwemo Defender zilizoundwa hadi 2016, breki ya mkono imefungwa nyuma ya transfa, si kwenye magurudumu. Transfa ikitolewa, breki hiyo nayo haipo. Kadhalika, transfa ikiwa nyutro, gari huweza kubiringika hata giaboksi ikiwa kwenye gia. Sharti gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa kabari na chesisi ikalie stendi imara. Jeki pekee haitoshi.

Pili ni usafi. Chembe chache za mchanga zikiingia ndani huharibu beringi na gia. Sili na gaskiti kuukuu zisirudishwe.

Tatu ni mpangilio. Vile vyuma vyembamba viitwavyo shimu hurudishwa pale pale vilipotoka. Beringi ikibanwa kupita kiasi hupata moto na kuungua. Ikilegea, gia hulia na kulika. Kabla ya kufunika, fundi azungushe shafti kwa mkono na kuingiza kila gia. Ikikwama, afungue tena badala ya kulazimisha kwa bolti. Bolti nazo hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Mwisho ni oili. Hutiwa hadi ifike kwenye tundu la kipimo, nayo aina yake ifuate kitabu cha gari, kwani transfa hazitumii oili moja.

Kwa magari yasiyo na difu ya katikati, majaribio ya magurudumu manne yafanyiwe kwenye mchanga au udongo, si lami, ambako transfa huelemewa. Baada ya mwendo mfupi, fundi akague iwapo oili inavuja kabla ya kumkabidhi mwenyewe gari lake.