Makao Madogo ya Matunzo: Tuhesabu Kabla ya Kujenga



Katika ziara zetu za sharika za Mpanda kuna swali linalotufuata kila tunapokwenda. Pale Shanwe lilitoka kwa mama mmoja mzee. Mwanawe ni mtu mzima, lakini kila siku huvalishwa, hulishwa na kupelekwa chooni. Mama alituuliza: "Mimi nikiondoka, huyu atabaki na nani?"

Tangu hapo baadhi ya kamati zimependekeza tujenge makao, na marafiki wameuliza bei ya mabati na saruji. Tunashukuru sana. Hata hivyo, kabla ya saruji ni vema tuelezane makao ya namna hii ni kitu gani, na gharama yake iko wapi.

Makao madogo ni nini?

Si hospitali wala si bweni. Ni nyumba ya kawaida mtaani, yenye watu wanne hadi sita ambao hawawezi kumaliza siku bila msaada: wenye ulemavu wa akili, waliopooza, wenye kifafa kikali. Kila mmoja ana kitanda chake na sanduku lake. Majirani wanamjua kwa jina, siku ya ibada anakwenda kuabudu, na ndugu zake wanaweza kumtembelea kwa miguu. Walezi humsaidia lile analoshindwa tu. Anayeweza kufagia anafagia, na anayeweza kuchambua mchele anachambua.

Hilo la kazi kanisa letu limejifunza zamani. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko kazi, pamoja na ile ya shamba la chai, imekuwa sehemu ya tiba.

Udogo na ujirani vina sababu. Serikali ina makazi ya wazee na wasiojiweza, kama Ipuli mjini Tabora na Kolandoto mkoani Shinyanga. Yanawapokea wasio na wa kuwatunza, na huduma hiyo ni ya lazima. Lakini kwa familia ya Shanwe huko ni mbali. Aliyepelekwa mbali hukosa wa kumtembelea, na asiyetembelewa hukosa wa kumsemea.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na na nani, bila kulazimishwa. Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, nayo inawapa ndugu wajibu wa kumtunza mwenzao. Kwa hiyo tunaanza na familia. Makao ni kwa yule ambaye familia yake imesaidiwa na bado imeshindwa, au haipo tena.

Gharama iko kwenye zamu

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Ili awepo mlezi mmoja tu macho, usiku na mchana, wanahitajika walezi wanne. Ongeza likizo ya siku 28 kwa mwaka, ugonjwa na misiba: wa tano. Asubuhi watu sita wakiamka pamoja, mlezi mmoja hatoshi: wa sita. Kazi ya usiku nayo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara.

Jengo hulipiwa mara moja, lakini mishahara ni kila mwezi. Ikikosekana, walezi huondoka, na anayebaki peke yake usiku huchoka, kisha hufunga mlango kwa kufuli ili apate kulala. Hivyo ndivyo nyumba nzuri inavyogeuka kuwa mahabusu, bila mtu yeyote kukusudia.

Tunaomba nini?

Kamati za sharika:
1. Zijue kaya zenye hitaji hili, pamoja na umri wa anayetunza. Majina yasitangazwe ibadani.
2. Zianze na msaada wa nyumbani: mtu wa kumpokea mama siku mbili kwa wiki, dawa za kifafa zisizokatika, choo kinachoingilika kwa kiti mwendo.
3. Zimwone Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa kabla ya kufikiria makao yoyote.
4. Zimuulize mhusika mwenyewe anataka kuishi wapi. Hata asiyesema ana namna ya kukubali na kukataa.

Kwa wafadhili, ombi letu ni moja: ahadi ya mishahara ya walezi kwa miaka mitano ina thamani kuliko jengo jipya. Nyumba ya kupanga inaweza kupatikana.

Tumkumbuke mjenzi wa mnara katika Luka 14, aliyepaswa kuketi na kuhesabu gharama kwanza. Mama yule hakuuliza mwanawe atalala wapi. Aliuliza atabaki na nani.

Mungu awabariki.