Traki ngapi zinakutosha? Hesabu kabla ya kulipia programu ya studio

Kinna, hapa Isiolo kusini karibu na Mbuga ya Meru, msimu wa harusi haukosi nyimbo, na siku hizi kijana mwenye laptopu na maiki moja anaweza kuzirekodi chumbani. Akishaweka akiba kidogo kidogo kwenye simu, swali linalofuata ni hili: alipie programu gani? Ushauri wetu ni mfupi. Hesabu traki zako kwanza, jaribu bure, kisha ndiyo ulipe.

Traki ni njia moja ya sauti ndani ya wimbo. Chukua wimbo wa kawaida wa harusi: sauti ya mwimbaji (1), sauti yake ya kurudia (1), waitikiaji wanne (4), kinanda (1), besi (1), mdundo (1) na makofi (1). Jumla ni traki 10. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo sokoni.

Sasa linganisha. Pro Tools Intro ni ya bure, lakini inakupa traki 8 za sauti. Ableton Live Lite, ambayo huja na saundi kadi nyingi za USB, nayo ina traki 8. Wimbo wetu haujaingia. Lakini usikimbilie kulipa: rekodi waitikiaji wanne, wapange vizuri, kisha waunganishe wawe traki moja. Zinabaki 7. Hata Beatles walifanya hivyo mwaka 1967, walipotengeneza albamu ya Sgt. Pepper kwa mashine za traki 4. Shida yake ni moja: ukishaunganisha, huwezi tena kumpunguza mwitikiaji mmoja aliyepiga kelele, isipokuwa umehifadhi nakala ya zile traki za mwanzo.

Audacity ni ya bure kabisa na inatosha kwa kurekodi na kukatakata sauti. Reaper haikuwekei kikomo cha traki, unaijaribu kwa siku 60, na faili lake la kupakua halifiki MB 50, kwa hivyo halimalizi bando. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, unalipa mara moja. Tukikadiria dola kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 7,800. Si pesa kidogo, inaweza kuwa bei ya mbuzi. Lakini programu ya kulipia dola 10 kila mwezi itakula dola 120 kwa mwaka, yaani shilingi 15,600, na mwaka ujao inaanza upya.

Wapenzi wa FL Studio, angalieni jambo moja. Kwa miaka mingi toleo lake la bei ya chini, Fruity Edition, lilikuwa la kutengeneza midundo. Kurekodi sauti ya mtu kulianzia Producer Edition, kwa hivyo hakikisha kwanza toleo unalonunua linarekodi. Ukinunua lisilorekodi mwimbaji, pesa imeenda na kazi haijaanza.

Usichanganye pia traki za programu na matundu ya saundi kadi. Saundi kadi ya matundu mawili inarekodi sauti mbili kwa wakati mmoja, hata kama programu ina traki mia. Kama unarekodi mmoja mmoja, mawili yanatosha. Ukitaka kikundi kizima kiimbe pamoja, kila mtu na maiki yake, hapo pesa yako iende kwa saundi kadi kubwa, si kwa programu.

Nafasi je? Traki moja ya dakika 4, kwa kiwango cha 44.1 kHz na biti 24, inachukua takriban MB 32. Traki 10 ni MB 320 kwa wimbo mmoja, kabla ya marudio. Nyimbo 12 zinakaribia GB 4. Angalia diski yako, na uwe na nakala pembeni.

Ukifika wakati wa kulipa, fanya hivi:

Nunua kwenye tovuti ya wenye programu. Yule anayekuuzia "full version" kwa shilingi 500 kwenye WhatsApp, umtumie kwa namba yake ya kawaida, hana leseni ya kukupa. Programu zilizovunjwa huweza kubeba virusi, na laptopu hiyo ndiyo yenye barua pepe yako na namba za kadi.

Ukitumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa zako za simu, soma kwanza kiasi kamili kwa shilingi, pamoja na ada ya kubadilisha dola. PIN yako haiandikwi kwenye tovuti ya kununua programu, hata siku moja.

Angalia kama malipo ni ya mara moja au ya kila mwezi. Kama ni ya kila mwezi, andika tarehe ya kukatwa. Kufuta programu kwenye laptopu hakusimamishi makato. Ingia kwenye akaunti yako kwa muuzaji, usitishe huko, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Na usichukue mkopo wa simu kwa programu ambayo bado unaweza kuijaribu bure. Rekodi nyimbo mbili tatu, ulipwe kazi ya kwanza, halafu acha hiyo kazi ilipie leseni.