Kadi ya michoro kwenye kompyuta ndogo: Pima kabla ya kuvuka mpaka

WAFANYABIASHARA wanaovusha kompyuta zilizotumika, hasa Dell OptiPlex na HP EliteDesk zenye kasha jembamba, hukutana na mteja anayetaka mashine hiyohiyo ifanye kazi ya video na michezo. Inawezekana, lakini mambo matatu huamua.

Kwanza ni kimo. Kasha hilo hupokea kadi fupi tu, yenye kibati kifupi cha nyuma.

Pili ni umeme. Tundu la PCI Express hutoa wati 75 kwa upeo, na baadhi ya mashine huruhusu chini ya hapo. Pawasaplai ya OptiPlex 7010 nyembamba ya mwaka 2012 ina wati 240 tu, bila waya wa kadi. RTX A2000 hutumia wati 70, haidai waya. RTX 4060 fupi hutaka wati 115 na waya wake.

Tatu ni unene. Kadi hizo huziba nafasi mbili. Tundu likiwa kando ya pawasaplai, haziingii.

Kadi iliyokataa hurudishwa kwa muuzaji, na nauli ya kuvuka mpaka mara ya pili humeza faida. Dawa ni kuifunga na kuiwasha dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.