Pengo la Joe Jordan lililowatisha mabeki

SHABIKI wa Manchester United aliyevuka miaka 55 hahitaji kukumbushwa sura ya Joe Jordan. Straika wa Scotland, mrefu, hatari kwa mipira ya juu, na akifungua mdomo unakutana na pengo. Meno ya mbele hayapo!

Aliyaacha kwenye mechi ya timu ya akiba ya Leeds United, enzi za ujana wake, alipokula teke la mdomo. Akatengenezewa ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, na siku ya mechi anayavua kabla ya kuingia dimbani. Waingereza wakambatiza "Jaws". Alipotua AC Milan mwaka 1981, Waitaliano nao wakamwita Papa, yule wa baharini lakini, si wa Roma.

Pengo halikumzuia kufunga. Kombe la Dunia 1974, 1978 na 1982, zote tatu alicheka na nyavu, na hakuna Mscotland mwingine aliyefanya hivyo.

Kabla yake kulikuwa na Nobby Stiles. England walipobeba Kombe la Dunia 1966, kiungo huyo alicheza ngoma pale Wembley, kombe mkono mmoja, meno ya bandia mkono wa pili. Picha hiyo hadi leo inapendwa.

Kwa nini walikuwa wanayavua? Meno ya kuvaa yakigongwa na kiwiko yanaweza kuvunjika, na kipande kikateleza kooni. Bora pengo.

Ajabu ni kwamba mwaka ule wa 1965, wakati Stiles akijiandaa na fainali zile, kule Sweden daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa amempandikizia mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titaniamu ndani ya mfupa wa taya. Aligundua kwamba mfupa unaikubali titaniamu na kushikana nayo kabisa. Ndiyo mambo ya leo: skrubu inazamishwa, mnasubiri miezi kama mitatu hadi sita, kisha juu yake linafungwa jino. Ukiangalia, huwezi kujua.

Sasa wachezaji wetu msikimbilie huko. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazopunguza mshtuko. La kupandikiza halina nyuzi hizo, limeganda na mfupa. Ukipigwa kichwa na beki, nguvu yote inashuka kwenye skrubu na taya. Skrubu ikiwa bado mbichi ndiyo balaa, inaweza kulegea na kazi yote ikaharibika. Na kwa kinda wa miaka 16 ambaye taya linaendelea kukua, madaktari humwambia asubiri. La sivyo meno mengine yatashuka, lake libaki juu. Bei nayo, jamani, haifanani na posho ya ndondo.

Kinachonishangaza ni kitu kimoja. Sheria namba 4 ya soka inamlazimisha mchezaji kuvaa vikinga ugoko. Mdomo? Haikutajwa. Bondia hapandi ulingoni bila kinga ya meno, lakini straika anayeruka na mabeki wawili wenye viwiko anaingia mdomo wazi, na akiivaa wenzake wanamcheka.

Halafu jino likidondoka, pale mchangani tunafanya nini? Tunalitupa! Kumbe jino la mtu mzima linaweza kurudishwa. Lishike upande wa juu unaoonekana mdomoni, mzizi usiuguse wala kuusugua. Kama lina mchanga, lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi, lirudishe kwenye tundu lake, ang'ate kitambaa, mkimbie kwa daktari wa meno. Likigoma kuingia, litie kwenye maziwa. Ndani ya nusu saa matumaini ni makubwa. Lisaa likipita likiwa kavu, matumaini yanapotea.

Mabegi ya huduma ya kwanza ya timu zetu yana maji ya baridi na bandeji. Pakiti moja ya maziwa ni bei ya soda.