Kiteezi: Gesi Inakaa Wapi Ndani ya Taka?

Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, uliporomoka na kufukia nyumba zilizokuwa chini yake. Watu wasiopungua 35 walipoteza maisha. Jaa hilo, linalosimamiwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, lilianza kupokea taka mwaka 1996. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi uongozi na fidia, na ndivyo ilivyostahili. Lakini taka zilizoporomoka hazijaacha kuoza, na bado zinatoa gesi. Anayetaka kulifunga jaa kwa usalama lazima ajue gesi hiyo inakaa wapi na nini kinaizuia isitoke.

Taka za Kampala kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula: maganda ya matoke, mabua, majani ya sokoni. Zikimwagwa leo, vijidudu vinavyohitaji hewa huanza kuzila na kuimaliza oksijeni iliyomo. Taka mpya zikirundikwa juu, hewa haiingii tena. Hapo vijidudu vya aina nyingine hushika kazi: vingine hutengeneza asidi, na vingine huila asidi hiyo na kutoa methani. Gesi ya jaa lililokomaa huwa karibu nusu methani, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksidi. Kazi hiyo huendelea kwa miongo kadhaa baada ya lori la mwisho kuondoka.

Ili kuona jinsi gesi inavyonaswa, tulinganishe taka na makaa ya mawe. Nayo yalikuwa mimea, ila yalizikwa na kukandamizwa kwa mamilioni ya miaka, kama yale ya Kiwira na Ngaka kusini mwa Tanzania. Ndani ya makaa methani haijajaa katika pango kubwa. Sehemu yake kubwa imenata kwenye kuta za vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na gramu moja ya makaa inaweza kuwa na kuta zenye eneo la zaidi ya mita 100 za mraba. Shinikizo la ardhini ndilo linaloishikilia gesi hapo. Shinikizo likipungua, kwa mfano mgodi ukichimbwa au maji yakivutwa, gesi hubanduka, hupenya hadi kwenye nyufa, kisha hutoka.

Tabaka la makaa lililopindwa na kusagwa na misukosuko ya ardhi lina tabia ya hatari zaidi. Makaa yake ni laini, mengine ni kama unga. Chembe ndogo huiachia gesi haraka, lakini nyufa za asili ambazo zingeipitisha zimevurugika na kuziba. Basi gesi hujikusanya nyuma ya mwamba dhaifu. Mchimbaji akikaribia, makaa na gesi vinaweza kufyatuka kwa pamoja na kujaa kwenye njia ya mgodi. Ndiyo maana wachimbaji wa matabaka ya aina hiyo hutoboa mashimo na kuivuta gesi kwanza, kabla ya kukata makaa.

Kiteezi si mgodi, na taka hazinasi gesi kwenye kuta zake kwa kiwango cha makaa. Nyingi imo kwenye nafasi baina ya mifuko, udongo na mabaki, nayo inaongezwa kila siku. Hata hivyo swali ni lile lile: gesi ina njia ya kutokea au haina? Mifuko ya plastiki iliyolala bapa huizuia isipande, ikalazimika kwenda pembeni. Mvua ikinyesha, maji huzijaza nafasi hizo na kuziba njia. Shinikizo la maji na la gesi hupunguza nguvu ya taka kushikana, na mteremko mkali unakuwa rahisi kuteleza. Mporomoko nao huvuruga kila kitu: hufungua nyufa upande mmoja, hufukia taka mbichi upande mwingine, na hukata mabomba na mifereji kama ipo. Ramani ya gesi iliyopimwa kabla ya hapo haifai tena.

Kwa majirani, pua si kipimo. Methani haina harufu. Kinachonuka ni gesi nyingine zinazoandamana nayo. Methani huweza kuwaka inapofika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na inaweza kusafiri chini ya udongo hadi kwenye chumba kilichofungwa, choo cha shimo au kisima. Kuchoma taka au kuwasha moto karibu na nyufa za jaa ni kujitakia balaa. Kufukia nyufa kwa udongo tu, bila kuwekea gesi njia ya kutokea, huihamishia hatari kwingine.

Kazi inayohitajika inajulikana: kupunguza ukali wa miteremko, kuchuja maji ya taka, kuchimba visima vya gesi na kuiunguza au kuitumia, kisha kufunika na kuendelea kupima kwa miaka. Methani ikiunguzwa hugeuka kaboni dioksidi, ambayo hupasha dunia joto kidogo kuliko methani yenyewe.

Lakini gesi iliyo rahisi kuidhibiti ni ile isiyozalishwa. Mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, ilianzisha pamoja na Benki ya Dunia mpango wa kugeuza taka kuwa mboji katika miji kama Jinja, Mbale na Fort Portal. Mboji hugeuzwageuzwa ili hewa iingie, na panapo hewa vijidudu vya methani havistawi. Kampala ikiendelea kuchanganya maganda na plastiki katika lori moja, itahamisha tatizo la Kiteezi hadi jaa lingine. Utenganishaji wa taka unapaswa kuanza sokoni na jikoni, kabla taka hazijapanda lori.