Springi mpya za mbele: kazi ya asubuhi moja, athari zake barabarani

Mwaka 1999 kampuni ya Toyota iliifanyia Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mabadiliko ambayo madereva wa Afrika Mashariki walikuja kuyahisi mgongoni kabla ya kuyaona kwa macho. Chini ya pua ya gari hilo mabamba ya chuma yaliyolaliana yaliondolewa, na mahali pake zikawekwa springi za koili, yaani waya mnene wa feleji uliosokotwa kama nyoka aliyejiviringisha. Nyuma, mabamba yalibaki.

Toyota haikuwa ya kwanza. Range Rover ilitoka na koili mbele na nyuma mwaka 1970, na Land Rover One Ten ikafuata mwaka 1983. Lakini ni pikapu ya Land Cruiser, pamoja na ile ndefu inayotumika kama gari la wagonjwa katika wilaya nyingi za mashambani, iliyoifanya koili ya mbele kuwa jambo la kila siku kwa mafundi kuanzia Turkana hadi Tunduru.

Na springi, hata ya feleji bora, huchoka.

Nani hubeba, nani hutuliza

Kosa la kwanza hutokea kabla ya spana kushikwa. Gari likianza kudunda au kuinama, watu wengi hununua shokapu. Kazi za vifaa hivyo viwili ni tofauti. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuamua kimo chake. Shokapu huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Gari lililolala upande mmoja halitainuliwa na shokapu mpya, hata ikiwa ya bei ghali.

Njia ya kupata ukweli ni utepe wa kupimia. Gari likiwa mahali tambarare, bila mzigo, hupimwa kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, na vipimo vikaandikwa. Pua ikiwa imeshuka, au ikiwa mpira wa kuzuia ekseli isigonge chasisi una alama za kupigwa mara kwa mara, springi imekwisha. Koili iliyovunjika aghalabu huvunjikia karibu na ncha yake, pale inapokalia, na ufa wake hufichwa na tope.

Baadhi ya gereji hutibu ugonjwa huu kwa kusukuma vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya koili. Gari huinuka siku hiyo hiyo na mteja huondoka akiwa ameridhika. Lakini mizunguko iliyobanwa na mpira haifanyi kazi tena, na mzigo wote huhamia kwenye michache iliyobaki, ambayo ndiyo itakayovunjika. Kuipasha springi moto kwa gesi ni kosa kubwa zaidi: ugumu wa feleji hutokana na jinsi ilivyopashwa na kupozwa kiwandani, na moto wa gereji huuondoa.

Unene wa waya

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo, ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au ya Sharjah, muuzaji huuliza aina ya gari na mwaka wake. Swali linalosahaulika ni hili: pua ya gari imebeba nini?

Ugumu wa koili hufuata unene wa waya wake, lakini si kwa ulinganifu wa kawaida. Unene huo hujizidisha mara nne. Waya wa milimita 17 ukilinganishwa na wa milimita 16, mizunguko na upana vikiwa sawa, hutoa springi ngumu zaidi kwa takriban asilimia 27. Milimita moja, ambayo jicho haliioni dukani, huligeuza gari kuwa jingine.

Pikapu yenye bampa zito la chuma na winchi inahitaji ugumu huo. Pikapu isiyo na vitu hivyo, ikifungwa springi hizo hizo, itasimama kwa madaha huku pua ikiwa juu, kisha kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati matairi ya mbele yatakuwa yakiruka badala ya kukanyaga. Tairi lililo hewani halipindi kona wala halifungi breki. Katika gari la wagonjwa jambo hilo lina uzito wa pekee, kwani aliyelazwa nyuma hana usukani wa kushika.

Jambo jingine linawahusu wanaonunua vipuri Ghuba na kuvisafirisha nyumbani. Katika baadhi ya magari, springi mbili za mbele hazilingani. Ya upande wa dereva huwa ndefu kidogo ili kufidia uzito. Oman na Falme za Kiarabu dereva huketi kushoto, ilhali Kenya, Uganda na Tanzania huketi kulia. Jozi iliyoandikwa kulia na kushoto kwa ajili ya soko la Ghuba yafaa ichunguzwe kabla ya kufungwa Dodoma.

Chini ya gari

Kazi yenyewe, kwa gari lenye ekseli nzima kama Land Cruiser 70, haina miujiza. Magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi, chasisi huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi imara, na jeki huwekwa chini ya ekseli. Magurudumu ya mbele hutolewa, nati za chini za shokapu hufunguliwa, na fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona hutenganishwa na ekseli.

Kisha ekseli hushushwa polepole. Hapa jicho liwe kwenye mpira wa breki, ambao haukutengenezwa kubeba ekseli inayoning'inia. Ukikaza, kishikizo chake hulegezwa. Ekseli ikishuka vya kutosha springi hulegea na kutoka kwa mkono. Mpya huingia kwa njia ile ile, ncha ya waya ikigusa kituo chake kwenye kikalio. Isipokaa hapo, gari litalala upande na fundi atalaumu kiwanda.

Utulivu huo haupo kwa Toyota Hilux iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 na nyingine za aina yake. Humo, springi ya mbele imezungushiwa shokapu na kubanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, huku nati moja ya juu ikiizuia. Anayeifungua nati hiyo kabla ya kuibana springi kwa kifaa maalumu chenye kulabu pande mbili hulegeza mtambo unaoweza kuvunja taya au kuua. Waya wa kufungia na kamba si mbadala wa kifaa hicho, ingawa vimeonekana vikitumika.

Gari likiinuka

Wengi hubadilisha springi ili gari liinuke, milimita 50 kwa mfano. Hapo usukani huingia katika hesabu.

Mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia umeegemea nyuma kidogo kwa juu, kama uma wa baiskeli. Mwegemeo huo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona. Chasisi ikipanda, mikono inayoishika ekseli kutokea nyuma hubadili pembe, ekseli huzunguka kuelekea mbele, na mwegemeo hupungua. Porini dereva hatambui. Kwenye lami, kwa kilomita 100 kwa saa, gari huanza kutangatanga, na basi linapopita kwa kasi huhitaji mikono miwili. Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati, au mikono mipya, na kisha kupimwa upya kwa magurudumu. Bolti za bushi hizo zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; zikikazwa likining'inia, mpira wake hubaki umesokotwa na kuchanika mapema.

Shokapu nazo lazima ziwe na urefu unaolingana na springi mpya. Zikiwa fupi, zenyewe ndizo zitakazoizuia ekseli kila inaposhuka shimoni, hadi zing'oke.

Taa za mbele nazo hurekebishwa, maana pua iliyopanda huwamulika machoni wanaokuja. Baada ya kilomita mia kadhaa nati zote hukaguliwa, na utepe ule ule hupitishwa tena kulia na kushoto, kwa kuwa springi mpya hushuka kidogo zinapozoea mzigo wake.