Injinia anapojiita "netrunner" kwenye CV, anamaanisha nini?

Kuna lugha imeingia kwa mainjinia wetu vijana, hasa wa umeme, kompyuta na mawasiliano, na kwa juu juu inaonekana utani tu. Mimi nachapa CV za watu kwenye stesheneri ya mtaani (fomu six nimemaliza, chuo bado, maisha yanaendelea), kwa hiyo naiona karibu kila wiki. Na nimeona inavyowakosesha watu kazi. Ndiyo maana leo nimeamua kuifumbua.

Lugha yenyewe ni ya saibapanki, yaani hadithi za kubuni ambazo ndani yake teknolojia iko juu sana lakini maisha ya watu yako chini. Neno lilianzia kwenye hadithi fupi ya Mmarekani Bruce Bethke iliyotoka 1983. Ukilivunja vipande viwili unapata mambo ya kompyuta upande mmoja na uhuni upande wa pili. Mwaka uliofuata, 1984, William Gibson, Mmarekani aliyehamia Kanada, akatoa riwaya ya Neuromancer, na maneno mengi yakasambaa kutoka pale. Cha kuchekesha ni kwamba Gibson aliichapa ile riwaya kwa taipureta ya mkono! Baadaye, 1988, Mike Pondsmith akatengeneza mchezo wa mezani ulioitwa Cyberpunk, na mwezi Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ikautoa kama gemu ya kompyuta, Cyberpunk 2077. Vijana wengi niliowauliza wameyapata maneno kwenye gemu hiyo, wala Gibson hawamjui.

Haya, tuje kwenye CV. Kuna jamaa mmoja ana digrii ya uhandisi wa umeme, ameniruhusu nitumie yake bila kumtaja. Kwenye ujuzi kaandika: "Netrunner, navunja ICE." Kwenye uzoefu wa kazi: "Miezi 6 ndani ya corpo, nikilisha daemons." Kwenye miradi: "Deck yangu mwenyewe." Na kwenye mambo anayopenda, neno moja tu: "Chrome." Basi. Ukurasa haujafika hata nusu.

Aliitwa kwenye usaili sehemu moja, jina naliacha. Dada wa utumishi akamuuliza kama amewahi kufanya kazi kiwanda cha barafu. Hapo watu wakacheka, yakaisha. Lakini pembeni alikaa mzee wa usalama wa mifumo, na huyo maneno anayajua. Akamuuliza, "Kijana, umevunja ya nani, na nani alikuruhusu?" Jamaa akabaki anatazama meza, usaili ukaishia hapo.

Kwa nini mzee aliuliza vile? ICE kwenye hizi hadithi ni kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kinga za kielektroniki dhidi ya wavamizi. (Gibson mwenyewe amesema neno si lake, alilipata kwa mwandishi mwenzake Tom Maddox.) Kwenye dunia ya kweli sema fayawoli na mifumo inayogundua wavamizi. Sasa yule anayeivunja kwenye hadithi ni nani? Ni mwizi! Case, mhusika mkuu wa Neuromancer, kazi yake ilikuwa kuiba data kwa kukodishwa. Kwa hiyo ukiandika "netrunner, navunja ICE", kwa anayeijua lugha umeandika "mimi ni mwizi wa kompyuta, naomba kazi". Na hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa hata kama hukuchukua kitu. Hapo hakuna cha utani.

Nilipomkalisha jamaa chini nikamuuliza, kumbe hajavunja cha mtu hata siku moja. Alifunga Kali Linux kwenye laptopu yake, akatengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, akaweka humo programu ambazo zimetengenezwa makusudi zikiwa na matundu ili watu wajifunzie. Anazishambulia, anaangalia wapi pamevuja, anaziba, anaandika alichofanya. Hiyo ni kazi halali kabisa na inaitwa kupima usalama wa mifumo. Anayeifanya kwa mteja anakuwa na mkataba unaosema mfumo upi, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na mwisho anakabidhi ripoti. Mkataba ndio unamtofautisha na mwizi, maana zana ni zile zile.

"Daemons" nalo balaa. Fikiria CV imeangukia kwa afisa utumishi mlokole! Neno hili halikuanzia kwenye hadithi. Lilianza na wataalamu wa MIT kule Marekani mwaka 1963, likimaanisha programu inayofanya kazi kimya kimya nyuma bila wewe kuiita. Ndiyo maana kwenye Linux utakuta majina kama sshd na httpd, ile "d" ya mwisho ndiyo yenyewe. Kwenye gemu wameligeuza kuwa programu za kushambulia. Jamaa kwenye fildi alikuwa anasimamia seva: anahakikisha huduma zinawaka, anaandika programu fupi za kuzirudisha zikizima, anaangalia diski zisijae. "Kulisha" kaongeza mwenyewe.

Twende kwenye "deck". Kwenye riwaya ni mashine ambayo mtu anaingilia mtandaoni. Siku hizi kuna watu dunia nzima wanazijenga za kweli, kompyuta ndogo za kubeba, kila mtu na umbo lake. Ya huyu bwana nimeiona kwa macho. Ni Raspberry Pi 4, kioo cha inchi 7 na kibodi ndogo ndani ya sanduku la zana, inaendeshwa na pawabenki ya 20,000 mAh. Nikamwambia nieleze kama mtu ambaye hajui kitu. Akasema zile 20,000 zidishe kwa volti 3.7 za betri unapata wati-saa 74, ondoa zinazopotea kwenye kubadilisha volti, bakiza kama 60. Mashine yake amepima inakula wastani wa wati 7. Kwa hiyo inakaa zaidi ya masaa 8. Anaitumia kuingia kwenye ruta kwa kebo na kuzipanga mahali ambapo umeme umekatika. Jamani!!! Mtu ana kitu kama hicho anaandika "deck yangu mwenyewe" halafu anaweka nukta?

Ila kilichoniuma zaidi ni lile neno la mwisho. "Chrome" kwa watu wa saibapanki ni viungo vya chuma vinavyopachikwa mwilini, mkono, jicho na kadhalika. Mimi nilidhani anapenda mapambo ya magari. Kumbe mradi wake wa mwaka wa mwisho chuoni ulikuwa mkono wa bandia! Misuli ikikaza inatoa umeme kidogo sana, ukiupima juu ya ngozi unakuta milivolti chache au chini ya hapo. Aliukuza ule umeme, akaupeleka kwenye Arduino, Arduino ikaamuru mota ndogo zifunge au zifungue vidole. Kilichomtesa ni umeme wa ukutani. Unapiga mara 50 kwa sekunde, na ishara za misuli ziko kati ya mara 20 hadi 500 hivi, kwa hiyo kelele inakaa katikati ya kile unachokitafuta. Huwezi kukata tu chini ukaacha juu. Ikabidi aendeshe kila kitu kwa betri na atengeneze kichujio cha kuondoa ile 50 peke yake. Mwezi mzima amehangaika na hilo. Na lote amelificha kwenye neno moja, tena sehemu ya mambo anayopenda, pale ambapo wengine wanaandika "kuangalia mpira".

Tulichofanya ni hiki. Mkono ukapanda juu kabisa kwenye miradi, pamoja na lile tatizo la 50 na alivyolitatua. Deck ikafuata na wati zake, na jina "deck" nikamwachia, maana kama jina la mashine halimdhuru mtu. "Netrunner" ikawa "nimejifunza kupima usalama wa mifumo kwenye maabara yangu mwenyewe". Corpo ikawa jina halisi la kampuni na tarehe. Ukurasa ukajaa, ikabidi tupunguze.

Msinielewe vibaya, sijasema lugha ni mbaya. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe ni kama sisi na Kiswahili cha mtaani, na mengi tunayo tayari: "choom" ni mshikaji, "gonk" ni boya, "eddies" ni mshiko, "preem" ni bomba, "flatline" ni kudedi, "techie" ni fundi. La kuogopa kwenye CV ni "fixer". Kwenye gemu ni dalali anayekuunganisha na kazi, lakini bosi wa hapa atasoma mpiga dili.

Wadau wenye maneno mengine mliyokutana nayo kwenye CV au barua za kazi mkashindwa kuyaelewa, yatupieni hapo chini kwenye maoni tuyafumbue pamoja. Naomba kuwasilisha.